Ndoo Kavu

Katika maabara yetu mtu hapewi ufunguo kwanza, anapewa ndoo. Ni ndoo ndogo yenye mfuniko, inayoingia barafu ya kutosha tyubu zako za siku nzima. Profesa humkabidhi mgeni mbele ya wote, jina lake la utani likiwa limeshaandikwa ubavuni kwa wino usiofutika, na hapo hutoa hotuba ambayo sisi wa zamani tunaweza kumsaidia kuimaliza. Protini ni kama maziwa, husema, ukiiacha mezani umeiua. Kila kitu kwenye barafu. Chumba cha baridi kipo mwisho wa korido, na asiyekiweza atafute kazi nyingine mapema, asije akatupotezea muda.

Ndoo yangu mimi imeandikwa Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote pale. Ni kwamba nagomba. Nagomba chupa isipofungwa, nagomba meza ikiachwa na matone, na nikikosa wa kumgombeza naigeukia mashine ya kuzungushia tyubu, ambayo angalau hainijibu.

Sweta alikuja kusomea shahada ya uzamivu katika msimu wa joto kali, joto la kumfanya mtu atamani kuvua ngozi, naye amevaa sweta la bluu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Jina likajipa lenyewe. Alikuwa msichana mwembamba, mchapakazi, mwenye utani wa chinichini. Akiniona nimenuna aliniuliza, "Shangazi, leo nani kafa, tyubu au mashine?" Nami nilijitahidi nisicheke, kwa sababu nina heshima yangu ya kulinda.

Kazi aliyopewa ilikuwa ngumu. Kuna sumu za kuulia wadudu zinazobaki kwenye maji ya mito na visima, na kuna kimeng'enya kimoja, yaani protini yenye kazi maalumu, ambacho kikikunjika sawasawa kinaweza kuzikata sumu hizo zisidhuru. Neno zito hapo ni kukunjika. Protini inapotengenezwa ni mnyororo tu, asidi amino moja nyuma ya nyingine, haina faida kwa mtu. Ikiwa ndani ya maji huanza kujikunja. Asidi zinazopenda maji hubaki nje. Zile za mafutamafuta, zinazoyakimbia maji, husukumwa zijifiche ndani, na humo husongamana mpaka mnyororo mzima unakuwa donge lenye umbo lake. Juu ya hapo yapo mambo madogomadogo yanayolizuia donge lisifunguke: chaji chanya na hasi zinazovutana, vifungo vya hidrojeni ambavyo kimoja peke yake ni dhaifu lakini vikiwa vingi vinashika, na mara nyingine salfa mbili zinazoungana kama kifungo na tundu lake. Hakuna mtu anayeikunja kwa mkono. Kazi yetu ni kuiandalia mazingira tu, na tukikosea mazingira tunabaki na uchafu mweupe chini ya tyubu.

Protini ya Sweta ilikuwa na usumbufu wa ziada. Ilikuwa na vipande kadhaa, kila kimoja kikijikunja peke yake, kisha vinatafutana na kushikana ubavu kwa ubavu. Vikiachana, hakuna kazi inayofanyika. Waliojaribu kabla yake waliinua mikono, wakabadilisha mada.

Yeye hakuinua mikono. Asubuhi moja aliniita mezani kwake, akadondosha kemikali ya kupimia, ambayo haina rangi na ambayo kimeng'enya kikiikata hugeuka njano. Tyubu ikawa njano mbele ya macho yangu. Mimi, ambaye sifa hunitoka kwa shida, nikamwambia, "Si mbaya." Alicheka mpaka akashika meza. Alijua kwamba kwangu hiyo ni ngoma nzima.

Mambo yalianza kwenda mrama alipomaliza kuandika tasnifu. Maabara ya chuo kingine, waliotaka kushirikiana nasi, walifuata maelezo yake hatua kwa hatua na hawakuiona njano. Wakatuandikia kwa heshima, ile heshima inayouma. Profesa akanipa mimi kazi ya kurudia, kwa kuwa kila mtu anajua sina cha ndugu wala rafiki. Nikafuata yaliyoandikwa: yeyusha kwenye barafu, kunja kwenye chumba cha baridi, hifadhi kwenye barafu, toa, pima papo hapo. Maji yakabaki maji. Nikarudia kwa uangalifu mpaka nikajichukia. Maji yakabaki maji. Niliandika taarifa ya mstari mmoja kwamba haifanyi kazi, nikaipeleka kwa Profesa huku moyo ukiniuma, kwa sababu ile njano niliiona kwa macho yangu na sikuwa na maelezo.

Kamati ya chuo haikuhitaji maelezo marefu. Kwao jambo hilo lina jina moja, kupika matokeo. Anayepatikana na hatia hufutiwa tasnifu na kuondolewa chuoni, na baada ya hapo hakuna maabara itakayompa hata ndoo ya kupigia deki.

Profesa si mtu mbaya, ingawa anapenda mno kusikia sauti yake. Alimwita Sweta ofisini, nami nikiwepo, akamwambia atampa nafasi moja. Arudie kazi mbele yetu, mwanzo hadi mwisho. Njano ikitoka, yeye mwenyewe atamtetea mbele ya kamati.

"Nifanye kama nilivyoandika?" Sweta aliuliza.

"Kama ulivyoandika. Kwani ulifanya vingine?"

Alinyamaza. Alikuwa akichezea kifungo cha mwisho cha sweta lake. "Sawa, Profesa," akasema. "Kama nilivyoandika."

Kimya kile nilikisikia vizuri, nami nikakipa maana mbaya. Nilidhani ndivyo hatia inavyosikika.

Chumba chetu cha baridi kina mlango mzito wenye mpira pembeni, na ukifungwa nyuma yako unasikia feni tu. Makoti mazito hutundikwa nje. Sweta alivaa mawili juu ya sweta lake, na glavu za pamba ndani ya glavu za mpira. Mwenzetu mmoja akamtania kwamba kama anahamia kwenye ncha ya dunia basi atuletee dubu. Alitabasamu, akaingia.

Kukunja protini kwa njia ile ni kazi ya subira. Unaanza nayo ikiwa imefunguliwa yote kwa kemikali, kisha unaidondosha tone kwa tone kwenye maji yaliyotayarishwa, polepole, ili kila mnyororo upate nafasi ya kujikunja bila kunasa kwa jirani. Ukiharakisha umeharibu. Sisi tulikuwa tukipokezana kumtazama, mmoja anatoka kupasha mikono na mwingine anaingia. Yeye hakupokezana na mtu. Mikono yake ilifanya kazi nzuri kuliko yangu, lakini midomo ilikuwa imebadilika rangi, na mara kwa mara alikuwa akisimama, anafumba macho, kisha anaendelea.

"Toka kidogo upate joto," nikamwambia.

"Nikitoka watasema nimebadilisha tyubu."

"Nitakaa nazo mimi."

"Shangazi," alisema bila kuinua macho, "niache nimalize."

Nilimwona anajikaza kisabuni, nikaudhika naye. Nilidhani ni jeuri.

Alipomaliza, Profesa alidondosha kemikali ya kupimia kwa mkono wake. Tulisimama tukitazama. Hakuna kilichogeuka. Profesa akachukua tyubu yenye protini iliyobaki, akaizungushia utepe, akatia sahihi yake juu ya utepe na kunitaka nami nitie yangu, akaifungia kwenye sanduku lake la barafu kama ushahidi. Sweta alisema samahani, hakusema ya nini. Kisha akatoka akitembea kama mtu aliyejitwika maji na hataki yamwagike.

Kesho yake hakuja. Simu yake iliita bila kupokelewa. Kesho kutwa pia hakuja, na kamati ilikuwa ikae Ijumaa. Hasira zikanipanda. Nilimwona ni mtu aliyetudanganya, akapewa nafasi, akashindwa, sasa anajificha. Nikaomba anwani yake nikaenda kwao kumpa vidonge vyake. Nilipofika nikakuta vya hospitali vimenitangulia.

Waliishi yeye na mama yake katika vyumba viwili juu ya duka la viatu. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia, na rundo la sketi za shule zinazosubiri kupigwa pasi. Mama alikuwa akikunja marinda ya sketi moja, anayabana kwa pini, anaweka kitambaa kibichi juu yake, kisha anakandamiza pasi mpaka mvuke unatoka. Chumba chote kilikuwa na joto. Tukasalimiana, nikajitambulisha kwamba nafanya kazi na binti yake, wananiita Shangazi.

Aliisimamisha pasi. "Kumbe ndiwe wewe," akasema kwa utulivu. "Na ndiwe uliyemtia mwanangu kwenye friji?"

Nilimuuliza friji gani.

"Ana selimundu," mama akaendelea. "Tangu yuko mgongoni. Mtoto huyu nimemlea kwa blanketi na maji ya moto, hata mvua ikimnyeshea mimi silali. Juzi karudi hapa ameshika ukuta. Usiku huohuo tukawa hospitali, jana jioni ndiyo wameturuhusu. Nimemuuliza ulikuwa wapi, ananiambia kazini."

"Mama." Sauti ilitoka chumba cha pili, sauti ya mtu aliyesalitiwa.

"Ningenyamaza mpaka lini?" mama akamjibu. "Mpaka wakulete umebebwa?"

Nikaingia. Sweta alikuwa amelala chini ya mablanketi mawili, chupa ya mpira ya maji ya moto ikiwa juu ya magoti yake, jagi la maji na vidonge kwenye stuli. Alijaribu kuinuka. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Lala hivyohivyo."

Nilivuta kiti. Zile hasira nilizopanda nazo ngazi sikujua nizitue wapi. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, ambayo hata yeye nadhani hakuizoea, "Kwa hiyo hukuwahi kufanya kazi kwenye chumba cha baridi?"

"Naingia, nachukua chupa, natoka. Kukaa, hapana."

"Na ndoo yako?"

"Haijawahi kutiwa barafu. Ndiyo maana huwa naifunga mfuniko." Alinitazama. "Wewe unayeona kila tone mezani, hukuwahi kuona kwamba kwangu hakuna?"

Ilikuwa kweli. Meza zote za maabara yetu zina duara nyeupe za maji yaliyokaukia chini ya ndoo. Mimi hugomba kwa ajili ya duara hizo kila wiki. Ya Sweta ilikuwa safi, nami nilikuwa nikiwasema wengine waige usafi wake.

"Ulikunjia wapi?"

"Mezani. Pale karibu na dirisha."

"Na ukaandika barafu."

"Kila mtu anaandika barafu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema tu, siku ya kwanza, mimi naumwa, siwezi baridi. Akageuza uso upande wa ukuta. Alisema mahali alipokuwa kabla ya kwetu alisema. Wakaanza kumbebea chupa, kisha wakambebea kazi, na mwishoni akabaki na kiti tu, anahurumiwa tangu asubuhi mpaka jioni. Alipokuja kwetu akasikia hotuba ya Profesa, na akaamua liwalo na liwe, atakufa na tai shingoni.

"Lakini sikupika, Shangazi," akasema. "Nilifikiri nyinyi mnaoiweza baridi mtapata njano kunishinda. Mliposema hampati, nikaanza kujiuliza kama niliiona kweli au niliitamani tu."

"Niliiona mimi," nikamwambia.

Machozi yakamtoka pembeni ya jicho yakaingia kwenye mto. Nami nikatazama dirisha mpaka yakaisha.

Chumba cha mbele pasi ilikuwa ikipumua mvuke. Nikakaa nikiwaza, na polepole nikaanza kukumbuka kitu nilichofundishwa nikiwa mwanafunzi, ambacho miaka ya hotuba ilikuwa imekifunika. Joto kali huiharibu protini, hilo analijua kila aliyewahi kukaanga yai. Lakini kinachozisukuma zile asidi za mafuta zijifiche ndani ni maji yenyewe, na maji yakipoa sana msukumo ule hupungua. Protini nyingi hazijali. Chache hulegea. Na zile zenye vipande vilivyoshikana ubavu kwa ubavu, vipande huweza kuachana taratibu kwenye baridi, bila uchafu mweupe, bila dalili yoyote. Tyubu inaonekana safi kabisa na haifanyi kazi.

Nikamwambia. Aliinuka akakaa, mablanketi na chupa ya maji ya moto vikaanguka, na kwa muda akasahau kwamba anaumwa.

"Yaani barafu ndiyo iliyoiharibu," akasema. "Yaani nayo haipendi baridi."

"Inawezekana."

Akatikisa kichwa. "Unajua kosa la damu yangu ni nini? Asidi amino moja. Mahali pa inayopenda maji imekaa ya mafuta, tena nje, hadharani. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, pale penye mafuta panatafuta pa kujibana kwa jirani, zinanatana, seli inapinda kama mundu. Nguvu ileile inayoshika kimeng'enya changu ndiyo inayonilaza mimi."

"Na baridi?"

"Baridi inabana mishipa tu. Damu inachelewa njiani, oksijeni inaisha kabla haijafika. Ukiitoa hemoglobini yangu ukaiweka kwenye tyubu, baridi haiisumbui hata kidogo." Akacheka, kisha akakunja uso akashika goti. "Nasumbuka mimi."

Kabla sijaondoka alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto kwa sababu ya ile chupa. "Waambie habari ya barafu. Yangu usiwaambie."

"Watauliza kwa nini ulifanyia mezani."

"Wakiuliza nitajua mwenyewe. Niahidi."

Nikaahidi shingo upande. Mlangoni mama yake alinipa glasi ya maji, na nilipomaliza akaniuliza kama binti yake atafukuzwa. Nikamwambia sijui. Sikupenda kumdanganya mtu mwenye pasi mkononi.

Alhamisi yote nilifanyia kazi mezani kwa Sweta, karibu na dirisha, ndoo zote zikiwa mbali. Nilikunja protini mpya kwenye joto la kawaida, nikadondosha kemikali, na njano ikaja bila kusumbua. Nilikaa chini nikafurahi peke yangu. Furaha haikudumu. Kamati wangesema Shangazi ameingiwa na huruma, naye amepika. Tyubu yangu haikuwa ushahidi wa Sweta. Ushahidi wa Sweta ulikuwa umefungiwa kwenye sanduku la Profesa, una utepe na sahihi zetu mbili.

Hapo wazo likanijia. Ikiwa baridi imevitenganisha vipande tu, na kila kimoja bado kimejikunja vizuri, basi vikipata joto vinaweza kutafutana tena. Nikachukua sehemu ya yangu nikaiweka kwenye barafu. Baada ya saa kadhaa ilikuwa imekufa, maji matupu. Nikaitoa nikaiacha mezani, na kabla ya kufunga maabara ilikuwa imerudi, si yote, lakini imerudi. Ila yangu ilikaa barafuni mchana mmoja. Ile ya Sweta ilikuwa humo tangu Jumatatu, na vipande vikikaa vimeachana muda mrefu huharibika moja kwa moja. Huwezi kuijaribu bila kukata utepe, na utepe hukatwa mara moja.

Nilimpigia Sweta nikamweleza nitakachofanya. Alisikiliza, akasema atakuja.

Kamati ilikaa katika chumba kidogo cha mikutano. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa idara nyingine, mtu wa maneno machache, na kulikuwa na wajumbe wengine ambao walikuwa wakipindua karatasi. Kiyoyozi kilikuwa kikivuma juu ya vichwa vyetu. Sweta alikaa kiti cha mbali kabisa nacho, sweta limefungwa mpaka shingoni, uso umepungua. Nikaomba ruhusa kabla mashtaka hayajasomwa, nikamwomba Profesa afungue sanduku.

Akakagua sahihi, akakata utepe. Akachukua tone moja akalipima. Halikugeuka rangi.

"Hili tumeshaliona," akasema, na hakusema kwa furaha.

"Tumeliona. Sasa ishike iliyobaki mkononi mwako," nikamwambia. "Ndani ya ngumi."

"Mimi?"

"Wewe. Ukiishika mwenyewe hakuna atakayesema imebadilishwa."

Alinitazama kuona kama natania. Kisha akaifumbata. Mwenyekiti akasema tuendelee, na mashtaka yakasomwa, ukurasa baada ya ukurasa. Profesa, ambaye hawezi kuzungumza bila mikono yote miwili, alitoa ushahidi wake kwa mkono mmoja, na mwingine ameukunja kifuani kama mtu aliyeumia. Siku nyingine ningecheka. Siku ile sikuwa na macho ila kwa ngumi ile. Nilimwomba Mungu msomaji asiishiwe na kurasa. Sweta hakunitazama hata mara moja.

Kurasa zikaisha. Wajumbe wakauliza maswali yao, marefu na mafupi, nayo yakaisha.

"Haya," mwenyekiti akasema. "Tuone hiyo tyubu."

Profesa alifungua ngumi. Alinyonya kidogo kwa pipeti, akaweka kwenye tyubu safi, akadondosha kemikali ya kupimia. Tukatazama. Maji yalikuwa maji. Mjumbe mmoja akaanza kukusanya karatasi zake.

Kisha chini kabisa ya tyubu pakawa na kitu ambacho kwanza nilidhani ni mwanga wa dirisha. Kikapanda. Njano hafifu, halafu njano isiyo na shaka. Profesa aliinua tyubu kwenye mwanga, akaishusha, akaiinua tena. Yule mjumbe akaziweka karatasi chini.

"Barafu," Profesa akasema mwishowe, akijisemesha. "Tuliiua kwa barafu." Akaitikisa tyubu. "Haikuwa imekufa." Halafu akamgeukia Sweta, na sauti yake haikuwa ya hotuba. "Kwa hiyo ulikuwa unafanyia mezani."

"Ndiyo, Profesa."

"Basi kwa nini uliandika barafu?"

Nilikaza macho kwenye meza. Nilikuwa nimeahidi, na ulimi uliniwasha kama umepakwa pilipili. Sweta alisimama, akashika ncha ya kiti.

"Nina selimundu," akasema. "Chumba cha baridi kinaniumiza. Siku niliyopewa ndoo ulisema asiyekiweza atafute kazi nyingine. Mimi nilikuwa nimeshatafuta sana, ndiyo nikapata hii."

Mwenyekiti ndiye aliyeongea. Alisema kuandika usichokifanya ni kosa, na Sweta atapewa onyo na ataandika upya sura ya mbinu kama alivyofanya kweli. Kupika matokeo hakukuwepo. Tasnifu itabaki. Akamwambia akae, achukue kalamu, waanze kusahihisha sasa hivi wakati wote wapo.

Profesa aliinuka. Nilidhani anatoka, kwa sababu hajui kukaa mahali ambapo amekosea. Alizunguka meza mpaka ukutani, akachukua rimoti, akaibonyeza. Kiyoyozi kikakohoa, kikanyamaza. Akafungua na dirisha, joto la nje likaingia na kelele za barabarani. Akarudi kwenye kiti chake, tyubu bado mkononi.

"Endelea," akamwambia Sweta. "Ukurasa wa mbinu. Nisomee ulivyofanya."

Akasoma. Alisoma taratibu, akikata palipoandikwa barafu na kuandika mezani, na Profesa aliuliza maswali mafupi na kuandika majibu kama mwanafunzi. Sote tulianza kutoka jasho. Tulipofika katikati ya ukurasa wa pili, Sweta aliweka kalamu chini, akaanza kufungua vifungo vya sweta lake, kimoja kimoja, akalivua, akalitundika kwenye mgongo wa kiti.